Gari la Gofu la Petroli Linapogoma Kuwaka: Kuisoma Plagi Kabla ya Kununua Nyingine

Katika magari mengi ya gofu yanayotumia petroli, ufunguo hauiwashi injini. Ufunguo hufungua njia ya umeme tu, na kinachoiwasha injini ni mguu wa dereva. Dereva akikanyaga pedali ya mafuta, swichi ndogo iliyo kwenye kisanduku cha pedali hupeleka umeme kwenye selenoidi, nayo selenoidi huunganisha betri na mashine moja yenye kazi mbili: kwanza huwa stata inayoizungusha injini kwa mkanda, kisha injini ikishawaka hugeuka kuwa jenereta inayoichaji betri. Akiondoa mguu, injini huzima palepale. Katika mchezo wa mashimo 18 injini huweza kuwaka na kuzima makumi ya mara, na mara nyingi gari huwa halijasogea hata mita mia mbili kabla ya kuzima tena.

Mpangilio huo unafaa kwa utulivu wa uwanja, lakini unaitesa plagi, kile kifaa kinachotoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya silinda. Ncha ya plagi hutakiwa kufikia joto la takriban nyuzi 450 hadi 500 za Selsiasi ndipo iweze kuunguza yenyewe masizi yanayoigandia. Chini ya hapo masizi hubaki juu ya kauri, ile sehemu ya plagi inayozuia umeme usivuje, na kwa kuwa masizi ni kaboni inayopitisha umeme, umeme wa koili (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche) hupata njia rahisi ya kuteremkia kwenye ganda la plagi bila kuruka pengo na kutoa cheche. Injini huzunguka bila kushika, au hushika kwa taabu huku ikikohoa. Mtumiaji hununua plagi mpya, gari huwaka vizuri, na shauri huhesabiwa kuwa limekwisha, ingawa kilichoondolewa ni dalili peke yake. Choki (kibamba kinachopunguza hewa ili injini baridi iwake) iliyokwama, chujio la hewa lililoziba, oili iliyozidi au betri dhaifu bado ipo mahali pake, na plagi mpya itakuwa nyeusi kama ile ya kwanza.

Maelezo yanayofuata yanahusu magari yenye injini ya mipigo minne na kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), kama vile Club Car DS yenye injini ya Kawasaki FE290 ya silinda moja, au E-Z-GO yenye injini ya Robin ya silinda mbili. Magari mapya yanayopuliza petroli kwa mfumo wa elektroniki yanafanana na haya katika upande wa stata na plagi, lakini upande wake wa mafuta huhitaji kifaa cha kusomea hitilafu.

Kabla ya kugusa chochote

Kwa kuwa pedali ndiyo stata, fundi anayeikanyaga ili kupima umeme anaweza kujikuta gari linaondoka naye, au linamgonga aliyeinama nyuma. Lever ya gia iwekwe katikati, magurudumu ya mbele yazuiwe kwa vipande vya mbao, na magurudumu ya nyuma yainuliwe kwa jeki kisha yakalishwe juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi. Mikono mirefu ya nguo na kamba za shingoni ziwekwe mbali na mikanda. Vipimo vingi huhitaji watu wawili, mmoja wa kukanyaga na mmoja wa kupima, na ni vema wakubaliane neno la kuanzia. Wakati wa kufungua nyaya za betri, waya wa hasi huondolewa kwanza na kurudishwa mwisho.

Je, injini inazunguka?

Swali hili hugawa kazi yote katika sehemu mbili. Injini isiyozunguka kabisa haina shida ya plagi, hata kama plagi ni chafu, na kuifungua plagi wakati huo ni kupoteza muda.

Anza na betri. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma karibu volti 12.6. Ikisoma chini ya 12.2, ichajiwe kwanza, kisha kipimo kirudiwe wakati mwenzako anakanyaga pedali. Ikiwa betri iliyochajiwa vizuri inaporomoka chini ya volti 9.6 injini ikizunguka, ama betri imechoka ama stata inavuta umeme kupita kiasi. Betri dhaifu ina madhara mengine ambayo watu wengi hawayahesabu: injini huzunguka polepole, cheche hupungua nguvu, petroli huingia bila kuungua, na plagi hulowa. Kwa sababu hiyo plagi iliyolowa huweza kuwa kosa la betri tangu mwanzo.

Ikiwa selenoidi inatoa mlio wa "tak" lakini injini haizunguki, weka ncha za mita kwenye skrubu zake mbili kubwa. Kabla ya pedali kukanyagwa mita itasoma volti za betri. Pedali ikikanyagwa inapaswa kushuka karibu na sifuri. Ikibaki juu, sehemu za ndani zinazogusana zimeungua na selenoidi ibadilishwe. Ikishuka vizuri na injini bado imesimama, kagua nyaya nene, brashi za stata na mkanda. Ikiwa hakuna mlio wowote, umeme haufiki kwenye skrubu ndogo za selenoidi, nawe urudi nyuma hatua kwa hatua: fyuzi, swichi ya ufunguo, kisha swichi za kisanduku cha pedali, ambazo hupata vumbi na maji kwa sababu ya mahali zilipo.

Waya wa ethi, unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri, usisahauliwe. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri na nyingine kwenye bodi ya injini, kisha pedali ikanyagwe. Ukisoma zaidi ya nusu volti, kuna kutu au skrubu iliyolegea katika njia hiyo, na kuisafisha kwa msasa huweza kumaliza tatizo ambalo lingegharimu stata nzima.

Mkanda uliolegea hupiga kelele ya kuteleza wakati wa kuwasha. Mkanda huohuo ndio unaoizungusha jenereta, kwa hiyo ukiteleza, betri pia haitachajiwa vya kutosha. Injini ikiwa inakwenda kwa kasi, betri inapaswa kusoma karibu volti 14. Ikibaki 12 na kidogo, gari litawaka asubuhi na kugoma jioni.

Inazunguka lakini haiwaki

Hapa ndipo plagi inapofunguliwa. Injini iwe imepoa, kwa sababu silinda hedi za alumini huharibika nyuzi zake za skrubu plagi ikilazimishwa kutoka zikiwa za moto. Puliza vumbi lililo kuzunguka plagi kabla ya kuilegeza, maana mchanga unaodondokea ndani utakwaruza silinda.

Unganisha plagi nzima na inayofaa kwenye waya wake, gusisha ganda lake kwenye chuma safi cha injini mbali na tundu la plagi, kisha mwenzako akanyage pedali. Cheche inayotakiwa ni ya rangi ya samawati, nene, inayosikika. Cheche nyembamba ya manjano ni dhaifu: huweza kuonekana nje na kushindwa kabisa ndani ya silinda, ambako hewa iliyogandamizwa huifanya kazi ya kuruka pengo iwe ngumu zaidi. Fundi asishike plagi wala waya kwa mkono, na pasiwe na petroli iliyomwagika karibu.

Cheche ikikosekana kabisa, usikimbilie koili. Injini hizi huzimwa kwa kuunganisha waya mmoja mwembamba wa mfumo wa cheche na ethi. Waya huo ukichubuka na kugusa chuma, au swichi inayousimamia ikiharibika, injini huwa imezimwa hata wakati dereva anataka kuiwasha. Katika baadhi ya magari njia hiyohiyo hupita kwenye kifaa cha kuzuia injini isizidi kasi yake, na kifaa hicho nacho hufa. Ondoa waya wa kuzimia kwenye koili au kwenye kisanduku chake cha elektroniki na upime tena. Cheche ikirudi, koili ni nzima na hitilafu iko kwenye nyaya, swichi au kile kifaa. Kumbuka tu kwamba waya huo ukiwa umeondolewa injini haitazimwa kwa ufunguo, hivyo andaa namna nyingine, kama kufunga choki yote. Cheche isiporudi, angalia kofia ya plagi na waya wake, kisha koili.

Rangi za plagi na maana zake

Plagi hutoa ushahidi mzuri ikiwa tu imetolewa ipasavyo. Plagi iliyofunguliwa baada ya gari kuvutwa hadi karakana na kujaribiwa stata mara kadhaa huonyesha majaribio hayo, wala haionyeshi jinsi injini inavyofanya kazi. Ikiwa gari bado linaweza kwenda, liendeshwe kwa mwendo wa juu mahali pa wazi kwa dakika kumi au zaidi, kisha ufunguo uzimwe wakati mguu ungali umekanyaga pedali, na gari liachwe lisimame lenyewe. Mguu ukiondolewa kwanza, kabureta hufunga na rangi hubadilika.

Kauri yenye rangi ya hudhurungi hafifu au kijivu ni ya injini yenye afya. Kauri nyeupe mno, yenye malengelenge au ncha zilizoyeyuka, inaonyesha joto kali: petroli haba, hewa inayovuja kati ya kabureta na injini, au plagi ya aina isiyofaa. Injini ya namna hiyo isiendelee kutumiwa, kwa sababu pistoni inaweza kutoboka.

Masizi makavu, meusi, yanayofutika kwa kidole, ndiyo hali inayoonekana zaidi katika magari ya gofu. Maana yake ni moja kati ya tatu: petroli nyingi kuliko hewa, cheche dhaifu, au plagi isiyopata joto. Ili kuzitenganisha, linganisha matumizi. Gari linalobeba mizigo ya bustani kutwa nzima likitoa masizi, tafuta petroli iliyozidi. Gari linalotoka gereji hadi getini na kurudi, tena mara mbili kwa juma, huenda halina ubovu wowote. Dawa yake ni kupewa safari moja ndefu ya dakika ishirini kila juma.

Plagi iliyolowa na inayonuka petroli inaeleza kwamba mafuta yalifika lakini cheche haikufika, au mafuta yalifika mengi kupita kiasi. Iache ikauke, izungushe injini bila plagi ili petroli iliyomo itoke, na weka kitambaa juu ya tundu huku koili ikiwa imetenganishwa. Kama sehemu iliyo chini ya kabureta nayo imelowa, shuku sindano ya kiboya, yaani ile inayofunga petroli kiboya kinachoelea ndani ya kabureta kikipanda.

Plagi yenye utelezi mweusi wa oili ni jambo zito zaidi, na nitalirudia hapa chini.

Injini za silinda mbili zina faida kubwa katika uchunguzi. Silinda zote mbili zikipata mafuta kutoka kabureta moja, na plagi moja ikawa safi huku nyingine ikiwa nyeusi, kabureta na chujio la hewa haviwezi kulaumiwa. Lawama hubaki kwa plagi ile, waya wake, au silinda yake. Badilishana plagi mahali. Uchafu ukihama pamoja na plagi, mkosaji amepatikana kwa gharama ya sifuri.

Petroli iliyozidi inatoka wapi

Choki ndiyo ya kwanza. Kebo yake hushika kutu na kubaki imevutwa nusu, na dereva hajui kwa sababu kitasa kimerudi mahali pake. Fungua bomba la hewa na utazame kwa macho kama kile kibamba kimefunguka chote. Kisha chujio la hewa: chujio la karatasi lililojaa vumbi hufanya kazi ya choki mchana kutwa, na kulipiga piga ukutani hakulirudishi upya.

Kabureta yenyewe hufuata. Kiboya kilichotoboka hujaa petroli na kuzama, sindano yake iliyolika haifungi, na jeti (kitundu kinachopima petroli) iliyolegea hupitisha zaidi ya kiasi. Petroli iliyokaa miezi mingi tankini huacha utando wa gundi, na kwa kawaida utando huo huziba matundu madogo na kusababisha upungufu. Lakini ukikaa chini ya sindano huizuia isifunge, na matokeo huwa kinyume. Marekani, ambako Club Car na E-Z-GO hutengenezwa katika eneo la Augusta, Georgia, petroli nyingi ya vituoni huchanganywa na ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli huvuta unyevu wa hewa, hivyo gari lililokaa msimu mzima bila kutumika huanza na maji ndani ya kabureta.

Sehemu inayosahauliwa mno ni pampu ya mafuta. Katika magari mengi haya pampu haina umeme. Huvutwa na mapigo ya hewa yatokayo ndani ya kasha la injini kupitia mpira mwembamba. Mpira huo ukipasuka, injini hufa kwa njaa. Lakini kiwambo cha ndani ya pampu kikitoboka, petroli hunyonywa kupitia mpira uleule hadi ndani ya injini na kuchanganyika na oili. Chomoa kijiti cha oili, unuse. Oili inayonuka petroli, na ambayo kimo chake kinapanda badala ya kushuka, imwagwe kabla injini haijawashwa tena, na pampu ibadilishwe. Plagi mpya katika injini hiyo haitafika mbali.

Mwinuko wa mahali nao una neno. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15. Kabureta iliyowekewa jeti za pwani ikipelekwa huko hutoa petroli ileile kwa hewa pungufu, na plagi hupata masizi bila kifaa chochote kuwa kibovu. Watengenezaji huuza jeti kuu ndogo zaidi kwa ajili ya nyanda za juu. Gari linaloteremshwa kutoka Nairobi kwenda viwanja vya pwani lirudishiwe jeti yake kubwa, kwa sababu petroli haba ni hatari kuliko masizi.

Oili kwenye plagi

Kabla ya kutamka kwamba injini imekwisha, pima kimo cha oili gari likiwa limesimama mahali tambarare. Injini hizi huchukua oili kidogo, na mtu aliyezoea magari makubwa huongeza mpaka ikazidi. Oili iliyozidi hurushwa na kupita kwenye mpira wa kupumulia hadi kwenye bomba la hewa, huungua, hutoa moshi wa bluu na kuipaka plagi. Kuipunguza hadi alama ndiyo tiba yote. Mpira wa kupumulia ulioziba huleta matokeo yaleyale.

Kimo kikiwa sahihi, pima mgandamizo. Toa plagi, funga geji, kanyaga pedali hadi chini ili kabureta ifunguke yote, na uzungushe mpaka sindano ya geji iache kupanda. Linganisha na kiwango cha kitabu cha injini yako, kwa kuwa baadhi ya injini zina utaratibu wa kupunguza mgandamizo wakati wa kuwasha, na hivyo geji husoma chini ingawa injini ni nzima. Kisha mimina kijiko kidogo cha oili kwenye silinda na upime tena. Usomaji ukipanda sana, ringi za pistoni zimelika. Usipobadilika, tazama vali na gasketi ya silinda hedi. Vali zilizobanwa mno, zisizo na nafasi iliyoandikwa kwenye kitabu, huleta ugumu wa kuwaka ambao mafundi wengi hupachika kwa plagi. Kuzirekebisha ni kazi ya nusu saa.

Kwa injini inayokula oili kidogo lakini ingali na nguvu, sioni sababu ya kuifumua haraka. Kusafisha au kubadili plagi kila baada ya muda ni nafuu kuliko kuifungua, mradi oili ikaguliwe kila juma.

Katika magari ya mipigo miwili, kama Yamaha G1 ya miaka ya 1980, oili huungua pamoja na petroli kwa makusudi, hivyo plagi yenye utelezi kidogo si ajabu. Hapo huangaliwa kiasi cha oili kinachochanganywa au kinachopelekwa na pampu yake.

Plagi mpya: kuchagua na kufunga

Kuna mazoea ya kununua plagi ya joto zaidi ili masizi yaungue. Mazoea hayo yana maana tu baada ya chanzo kutafutwa na kukosekana, na injini ikawa kweli inatumika kwa safari fupi peke yake. Kwa plagi za NGK na Denso, namba ndogo ni plagi ya joto zaidi. Kwa Champion ni kinyume chake, na wauzaji wengi hukosea hapo. Usipite hatua moja. Herufi R katika namba ina maana kwamba plagi ina kizuizi cha umeme ndani, kwa kawaida cha oma elfu chache. Kama kitabu kinataka R, ifuate, ili vifaa vya elektroniki vya cheche visisumbuliwe.

Pengo la plagi katika injini nyingi za magari haya ni kati ya milimita 0.7 na 0.8. Pima kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), na urekebishe kwa kukunja ule mkono wa nje tu. Mkono wa kati ukisukumwa kauri hupasuka. Plagi ya zamani yenye masizi makavu inaweza kusafishwa kwa dawa ya kabureta na mswaki wa nailoni. Brashi ya waya huacha alama za chuma juu ya kauri, na alama hizo hupitisha umeme kama masizi yanavyofanya. Mashine ya kupuliza mchanga huacha chembe zinazoangukia kwenye silinda. Kwa bei ya plagi moja, mimi huona usafishaji unafaa pale tu ambapo duka liko mbali.

Ianze kwa vidole hadi ikae. Plagi mpya yenye pete ya gasketi huongezwa nusu mzunguko kwa spana; iliyowahi kutumika huongezwa kidogo sana, kiasi cha sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko, kwa kuwa pete yake imekwisha kubonyea. Nyuzi zisipakwe grisi.

Baada ya saa kumi hivi za kazi ya kawaida, ifungue tena na uitazame. Ikiwa imeanza kuwa ya hudhurungi, chanzo kilichorekebishwa ndicho kilichokuwa. Ikiwa ni nyeusi pande zote, rudi kwenye choki na kabureta. Ikiwa imelowa oili upande mmoja tu, ulio jirani na vali ya kuingizia, mpira wa kuziba oili kwenye shina la vali hiyo ndio wa kukaguliwa kabla ya pistoni kuguswa.